Mpunga Ulipokuwa Chakula cha Ajabu: Historia ya Chungu cha Kasongo na Kabambare

Mgeni anayekaribishwa kwa heshima mjini Kasongo leo huletewa wali. Pembeni huwekwa sombe iliyotwangwa ikaiva katika mawese, na kitoweo chochote kilichopatikana: kuku, samaki wa Lualaba, pengine simbiliki aliyekaushwa kwa moshi. Msimu ukiwa wenyewe, huongezwa kibakuli cha kumbikumbi au cha viwavi. Mgeni aliyetoka mbali hukitazama kibakuli hicho kwa mshangao, akauliza maswali, akakipiga picha. Juu ya wali haulizi neno. Kwao upo, na huku ameukuta.

Miaka 150 iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Kumbikumbi, konokono na samaki wa moshi vilikuwa vitoweo vya kila siku katika Maniema ya kusini, mashariki ya Kongo, na kilichowashangaza watu kilikuwa wali. Mpunga ulifika kwa miguu, umebebwa vichwani mwa wapagazi kutoka Ujiji, pamoja na shanga, nguo na baruti. Vitabu vya njia ile ya misafara vimehesabu pembe za ndovu, bunduki na maiti. Chungu hakikuhesabiwa. Nami naamini kwamba alama ya miaka ile iliyodumu kuliko zote, ukiacha lugha na dini, imo ndani ya chungu.

Kasongo iko mashariki ya Lualaba. Ukitoka hapo kuelekea Ziwa Tanganyika unafika Kabambare, katika nchi ambayo maji yake hukusanywa na mto Luama na kupelekwa Lualaba. Hapa ndipo msitu mkubwa wa Kongo unapoanza kupasuka, ukiacha mbuga za nyasi kati ya mikono yake, kwa hiyo mpishi wa nchi hii anachota pande mbili: vya msituni na vya mbugani. Wabangubangu na Wabuyu wako upande wa Kabambare. Wazimba, Wasongola na Wakusu upande wa Kasongo. Na mtoni wako Wagenia, ambao maisha yao ni mtumbwi na samaki. Kilichowaunganisha wote kilikuwa mchikichi. Mti huo ulitoa mawese ya kupikia na kujipaka, malafu ya kunywa, na baada ya kuanguka ulitoa chakula kingine ambacho nitakieleza mbele.

Kabla hatujaita kitu chochote chakula cha asili, tukumbuke kwamba hata chungu cha zamani kilikuwa kimekwisha kupokea wageni. Muhogo, mahindi, karanga na pilipili vyote vilitoka Amerika, vikafika pwani ya magharibi ya Afrika kwa majahazi ya Wareno, kisha vikapita kijiji hadi kijiji mpaka katikati ya bara, pasipo msafara wala jeshi. Hakuna anayejua jina la mwanamke wa kwanza wa Maniema aliyetwanga majani ya muhogo akayatia mawese. Sombe, ambayo kwa wengi wetu ndiyo nyumbani kwenyewe, ni kazi ya mikono yake: mmea wa kigeni ndani ya mafuta ya kwao.

Maelezo marefu ya kwanza yaliyoandikwa juu ya soko la chakula katika nchi hii tunayapata kwa David Livingstone. Alivuka Tanganyika mwaka 1869 akiwa mgonjwa, akifuatana na mfanyabiashara aliyeitwa Muhammad bin Gharib, na tarehe 21 Septemba akafika Bambarre, ndiyo Kabambare. Huko ndiko vidonda vya miguu vilikomlaza tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Karatasi zilipomwishia alianza kuandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za miti. Mtu aliyelala miezi saba mahali pamoja huona mambo ambayo mpita njia hayaoni, na mojawapo ya aliyoyaandika mwanzoni mwa 1871 ni dogo, nami nalipenda sana: mpunga uliopandwa tarehe 19 Oktoba ulikuwa umetoa masuke baada ya siku 70.

Sentensi hiyo moja inatueleza mengi. Mpunga ulikuwa tayari unapandwa Kabambare, karibu na kambi za wafanyabiashara wa pwani. Ulipandwa mwezi Oktoba, mvua zikishika, vile vile wakulima wa Maniema wanavyofanya hadi leo. Nao ulistawi pasipo mabonde ya maji, kwa mvua peke yake, juu ya ardhi iliyofyekwa msituni na kuchomwa moto. Mtu wa Pemba au wa Rufiji aliyezoea kuuona mpunga umesimama ndani ya maji angedhani hautafika mbali. Lakini udongo mpya wa msitu, wenye majivu na mboji, uliupokea kwa furaha.

Machi 1871 Livingstone alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kasongo. Akakuta soko. Nimesoma maelezo mengi ya masoko ya karne ya 19, kutoka Kazeh hadi Bagamoyo, na machache yanakaribia hayo kwa uhai. Wanawake walikuja kwa mamia, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi, wamebeba mizigo mgongoni na vichwani. Waliuza unga wa muhogo, mawese, chumvi, pilipili, kuku, nguruwe, vyungu, samaki waliokaushwa kwa moshi, konokono waliokaushwa vile vile, na mchwa wenye mabawa waliokwisha kukaangwa. Ubishi wa bei ulikuwa sehemu ya raha yao. Mwenye unga alitafuta kitoweo, mwenye kitoweo alitafuta unga, na wote walikwenda nyumbani wameshikilia kile walichokosa asubuhi.

Kati yao walikuwamo wanawake wa Kigenia, hodari wa kupiga mbizi. Walizama mtoni wakaibuka na chaza wa maji baridi, wakawabadilisha kwa vyakula vya shamba na wanawake wa upande wa mashariki, ambao walilima sana na kuvua kidogo. Watu wa pwani wanapozungumzia chaza huwaza bahari, Lamu au Chwaka. Hapa, mamia ya kilomita kutoka chumvi ya bahari, chaza walikuwa biashara ya wanawake na walikuwa na bei inayojulikana.

Chumvi yenyewe ilihitaji elimu. Katika sehemu kubwa ya bonde la Kongo ilitengenezwa kwa mimea, hasa magugu ya majini. Majani hukaushwa, huchomwa, majivu hutiwa katika chungu chenye matundu chini, maji humwagwa juu polepole, na yale yanayochuruzika huchemshwa mpaka yakauke na kuacha unga wa kijivu. Ladha yake ni kali na ya magadi. Ilipokuja chumvi nyeupe ya dukani, kazi hiyo ilipungua, lakini majivu hayajaondoka jikoni. Mpishi wa mboga ngumu bado anajua namna ya kuzilainisha kwa maji yake.

Na tusiruke jambo ambalo wengi hulificha. Livingstone aliandika juu ya kula udongo. Aliutaja ugonjwa wake kwa jina walilolitumia watu wa Zanzibar, safura, akaona ukiwamaliza watumwa, na akaambiwa kwamba wanawake wa Maniema, hasa wenye mimba, hula udongo. Ni mambo mawili, na ni vyema tuyatenge. Mama mjamzito anayetafuna kipande cha udongo uliokaushwa anafanya linalofanywa Dar es Salaam, Kampala, na mbali sana nje ya Afrika. Udongo huo huuzwa sokoni hadi leo. Mtumwa aliyeula mpaka akavimba na kufa alikuwa katika hali nyingine kabisa, ya njaa, minyoo na moyo uliovunjika.

Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilivamiwa na watu wa pwani. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika. Livingstone aliwaona watu watatu wenye bunduki wakibishana na muuzaji juu ya bei ya kuku na kumnyang'anya, kisha risasi zikaanza. Wengi walikuwa wanawake. Walikimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa na kukwama, walioruka majini wakazama. Watu wa pwani wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo, Livingstone alipoifikisha nje kwa mkono wa mwandishi wa habari Stanley, iliitikisa Uingereza na kutia nguvu shinikizo lililomlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Historia imewakumbuka wale wanawake kama waliouawa na waliotiwa utumwani. Naomba tuwakumbuke pia kama wauza chakula. Waliokufa siku ile walikuwa wamebeba vichwani mwao elimu ya jikoni ya nchi nzima: jinsi ya kumkausha konokono asioze, jinsi ya kumtoa chaza, jinsi ya kumfahamu mchwa atakayeruka usiku wa leo.

Baada ya hapo mwenye nguvu akawa mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Katikati ya miaka ya 1870 aliifanya Kasongo makao yake, na njia ya kutoka Mtowa, ng'ambo ya Ujiji, ikapita Kabambare kufika kwake. Msafara ni tumbo linalotembea. Mamia ya wapagazi, askari, wake na mateka walihitaji posho kila siku, na chakula cha kununua kijiji kwa kijiji hakikutosha, wala wanakijiji hawakupenda kukiuza baada ya waliyoyaona. Kwa hiyo Waarabu na Wangwana, wafuasi wao wenye desturi za pwani, wakalima, au tuseme kweli: wakalimisha. Mashamba makubwa ya mpunga ya Kasongo na Nyangwe yalifyekwa na kupaliliwa na watumwa. Kila nikiusifu wali wa Kasongo, na nitausifu, neno hilo hukaa pamoja na sifa.

Mwezi Desemba 1876, kaskazini ya hapa, mahali ambapo Stanley alipaita Vinya-Njara, Tippu Tip na yeye walikuwa wanaagana baada ya kushuka Lualaba pamoja. Tippu Tip alifanya karamu ya kuwaaga wasafiri: wali na kondoo wa kuchoma. Malafu yalitoka kwenye michikichi ya mahali hapo. Katika karamu hiyo unaona vyakula viwili vikikutana: wali wa pwani, ambao ulikuwa alama ya uungwana, na kinywaji cha mchikichi, ambacho Mwislamu wa Unguja angepaswa kukikataa na ambacho nchi yote ilikinywa. Mchanganyiko huo ndio uliokuja kuwa Maniema.

Aliyeuchanganya si Tippu Tip. Waliouchanganya ni wanawake waliotekwa au kuolewa wakaingizwa katika nyumba za Wangwana. Waliagizwa wapike wali kama wa pwani, lakini mnazi haukuwapo. Wali wa nazi ulihitaji safari ya miezi mitatu kuifuata nazi. Wao walikuwa na mawese, karanga na sombe, na ndivyo walivyotumia. Hakuna aliyeandika siku ile, lakini matokeo tunayala. Wali mweupe chini, sombe ya mawese juu, samaki wa moshi pembeni, pilipili kando: sahani hiyo si ya Unguja na si ya msituni. Imezaliwa kwenye njia hii, katika nyumba ambazo mpishi hakuwa huru.

Kwa wanaume na wanawake waliojiunga na Wangwana, wali ulikuwa zaidi ya shibe. Kuvaa kanzu, kusema Kiswahili, kuchinja kwa jina la Mungu, kula wali kwa mkono wa kulia katika sinia moja na wenzako: hayo ndiyo yaliyomtenga muungwana na mshenzi, kwa maneno ya wakati ule. Kijana wa Kibangubangu aliyekula wali alikuwa amevuka mpaka. Na kama kila apandaye ngazi, wengine walijifunza kuwadharau kumbikumbi wa mama zao mbele ya watu, wakawatafuta gizani.

Wabelgiji walipokuja kupigana na Waarabu, walikuta matunda ya kazi hiyo. Jeshi la Francis Dhanis liliingia Nyangwe Machi 1893, na tarehe 22 Aprili likaiteka Kasongo iliyokuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika kitabu miaka michache baadaye, na kurasa zake juu ya Kasongo zinasomeka kama orodha ya sokoni. Maghala yalijaa mpunga, kahawa na mahindi. Bustani zilikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Anasema alipanda mnyama akapita ndani ya shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ilitekwa, na utawala wa watu wa pwani ukaisha.

Wageni kama Hinde walijaza vitabu vyao masimulizi ya watu kula watu, na jina la Maniema likabeba tuhuma hiyo hadi Ujiji na Zanzibar. Yalifanyika maovu ya vita, sikatai. Lakini msomaji aliyemaliza vitabu hivyo angedhani kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na kitoweo kingine, ilhali Nyangwe ilikuwa na soko ambalo wingi wa vitoweo vyake ungewaaibisha wapishi wa Ulaya. Hiyo ilikuwa dhuluma ya pili juu ya wale wanawake, na imedumu muda mrefu kuliko risasi.

Waarabu waliondoka, mpunga ukabaki. Mwaka 1911 reli ilikamilika kati ya Kindu na Kongolo, ikipita upande wa magharibi wa mto, na Samba ikawa kituo cha mizigo ya Kasongo. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Askari wa Kongo waliopigana mpaka wakaingia Tabora Septemba 1916 walihitaji chakula kinachobebeka na kisichooza, na Maniema ilikuwa nacho. Mkurugenzi wa kilimo wa koloni, Edmond Leplae, aliona njia. Amri ya 1917 ikaweka kilimo cha lazima: serikali ingeweza kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua kwa siku hadi 60 kwa mwaka. Huku mazao hayo yalikuwa mpunga na pamba. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa, na kiboko kilikuwapo.

Hapo wali ulibadilika kwa mara ya pili. Chakula cha muungwana kikawa kazi ya serikali. Mpunga ulipimwa kwa magunia, ukanunuliwa kwa bei ya kampuni, ukapandishwa garimoshi kwenda kulisha wafanyakazi mahali pengine, na aliyeulima mara nyingi alirudi nyumbani akala ugali wa muhogo. Chuki dhidi ya pamba ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu pamba hailiki. Mpunga angalau ungeweza kufichwa kapu moja ndani ya nyumba, na akina mama waliuficha.

Uvunaji wake ulibaki wa mkono. Hadi leo mashamba mengi huvunwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo, kwa sababu masuke hayaivi pamoja na mvunaji anayajua yapi yako tayari. Kabla ya hapo watoto hushinda shambani wakifukuza ndege kwa kelele na mawe. Simbiliki naye huja kutafuna mabua usiku, na wenye shamba humtegea. Kwa hiyo shamba la mpunga lilileta kitoweo chake lenyewe, nyama nyeupe laini yenye mafuta, ambayo wapishi wa Maniema huikausha kwa moshi kisha huipika katika mchuzi mzito wa karanga. Afrika Magharibi, ambako mnyama huyo anafugwa mabandani, wanaithamini vile vile.

Uhuru ulikuja 1960. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliifagia nchi hii. Julai waasi waliingia Kindu, na upande wa Kabambare mapigano yaliungana na yale ya Fizi yakaendelea hata baada ya miji kukombolewa. Mara nyingine tena ilikuwa hivyo kati ya 1996 na 2003, majeshi na makundi ya wenye silaha yalipopishana kwenye njia ile ile ya zamani ya misafara. Mpunga una udhaifu mmoja mkubwa wakati wa vita: unaonekana. Shamba linaonekana kutoka mbali, ghala linaonekana, moshi wa jikoni unaonekana, na mwenye bunduki hula kwanza. Familia zilizokimbilia msituni ziliishi kwa vile ambavyo haviibiwi kwa urahisi: uyoga, majani, viazi vya porini, konokono, viwavi, funza wa mchikichi. Waliokuwa wamefundishwa na bibi zao walilisha watoto. Waliokuwa wameidharau elimu hiyo walijifunza upya, kwa haraka na kwa uchungu.

Niieleze elimu hiyo kidogo, maana inastahili.

Kumbikumbi hutoka mvua za kwanza zinapolainisha ardhi baada ya kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kichuguu kina mwenyewe, na kukivuna bila ruhusa ni ugomvi wa ukoo. Mwenye kichuguu hukiangalia siku kadhaa, na akiona mchwa wanafungua matundu hujua wakati umekaribia. Hukifunika kwa fito na majani, akaacha mlango mmoja, mbele yake akachimba shimo na kuwasha mwanga. Wadudu huufuata mwanga, wakaanguka shimoni. Hukaangwa bila mafuta, kwa kuwa wanayo yao tele, kisha hupepetwa katika ungo ili mabawa yaondoke. Wakitiwa chumvi na kuanikwa juani hukaa muda mrefu.

Viwavi, ambao wengi Kongo huwaita mbinzo, wana kalenda ya miti. Kila aina hula majani ya mti wake, na mtu anayejua msitu haangalii juu. Anaangalia chini, kwenye vinyesi vyao vilivyotapakaa chini ya mti, kisha anasubiri washuke. Hukamuliwa matumbo, huchemshwa, hukaushwa kwa moshi au jua. Wakirudishwa katika maji ya moto na kupikwa kwa mawese, kitunguu na pilipili, ladha yao iko kati ya nyama na uyoga. Kwa uzito mkavu, zaidi ya nusu ya kiwavi ni protini.

Na mchikichi ulioangushwa kwa ajili ya malafu hauachwi baada ya malafu kwisha. Mdudu mwenye pua ndefu hutaga ndani ya shina linalooza, na baada ya wiki kadhaa mtu huja, hulaza sikio lake juu ya gogo na kusikiliza. Funza wakiwa tayari, sauti yao ya kutafuna husikika. Gogo hupasuliwa, wakatoka weupe, wanene kama kidole gumba, wakakaangwa katika mafuta yao wenyewe. Papua New Guinea hula jamaa za funza hao kutoka kwenye misago. Meksiko hula mabuu ya sisimizi katika mikahawa ya bei kubwa, na Wafaransa hutoa konokono katika sahani maalumu zenye vishimo. Shirika la FAO lilipochapisha ripoti yake juu ya wadudu wanaoliwa, mwaka 2013, lilihesabu zaidi ya aina 1,900 na kukadiria kwamba watu bilioni mbili hula wadudu kama sehemu ya chakula chao. Bukoba wanajua senene wanavyogombaniwa. Maniema haiko peke yake, na haina haja ya kumwomba radhi mtu.

Sokoni mambo yamegeuka tena. Wali sasa ni chakula cha watu wote wenye uwezo wa kawaida, na mpunga ni zao la biashara la kwanza. Barabara zimeharibika, kwa hiyo magunia husafiri kwa baiskeli zinazosukumwa kwa siku nyingi katika matope kati ya Kasongo, Kabambare na masoko ya mbali. Mabega ya vijana yamechukua nafasi ya vichwa vya wapagazi. Ndagala wa Tanganyika huja kwa njia hiyo hiyo kutoka ziwani, kinyume cha mpunga. Viwavi na kumbikumbi, vyakula vilivyofichwa na watu waliotaka uungwana, sasa hupimwa kwa kikombe na kupandishwa bei, na aliyehamia Kinshasa au Brussels huomba atumiwe hivyo kwanza.

Lakini kuna deni ambalo halijalipwa, na wanaolijua ni wakulima. Mpunga wa mvua unataka msitu mpya. Baada ya kuvuna mara moja au mbili udongo unachoka, na mwenye shamba anasogea mbele na shoka. Miti inayoanguka ndiyo miti ya viwavi. Palipokuwa na familia chache, msitu ulipata miaka mingi ya kupumzika ukarudi. Sasa watu wameongezeka, wachimbaji wa dhahabu wamejaa upande wa Salamabila na Namoya wakitaka kulishwa, na muda wa kupumzika unafupishwa. Chakula kimoja kinakila kingine.

Dawa ya kwanza si ngeni. Wazee wanaofyeka huichagua miti ya viwavi na kuiacha imesimama katikati ya shamba, mpunga ukakua chini yake. Kivuli hupunguza mavuno kidogo pembeni, na majani yanayoanguka hurudisha mboji. Idara za kilimo zinapogawa mbegu Kasongo na Kabambare, zingepaswa kuwachukua wazee hao shambani pamoja na wataalamu wao, kila mti uonyeshwe kwa jina lake la Kibangubangu au la Kizimba, uandikwe, na mkulima mpya aanze na orodha hiyo kabla hajapewa shoka. Kazi hiyo inafaa kuanza katika kiangazi, miti ikiwa inahesabika, kabla moto wa Agosti na Septemba haujawashwa.